Kucha za Neema

Maskati

Kaka Deo,

Shikamoo. Mama hajambo? Kifua chake kimetulia? Mimi mzima, kazi za ndani ni zilezile. Ila nina hasira nawe, kaka yangu, na leo nitasema.

Umeniambia mkeo alirudi kutoka dunguni kule shambani, alikokuwa akiamia mpunga wetu usiliwe na ndege, pamoja na mwanangu, na Neema ana malengelenge mdomoni, mapajani, makalioni na nyayoni. Majirani wakasema amekalishwa kwenye maji ya moto. Wiki chache baadaye kucha zikaanza kubanduka, wakasema amezing'oa. Nawe ukamtoa wifi yangu nje na nguo zake, kijiji kizima cha Kisawasawa kikitazama, akarudi kwao Lupiro.

Ulimwangalia mtoto ndani ya kinywa? Maji ya makalioni yanafikaje kooni? Na kabla kipele hata kimoja hakijatoka, mkeo alikupigia kwamba Neema anachemka, hataki kula. Ukamjibu, "Mpe panado." Umesahau?

Mtoto wa nyumba hii aliugua vivyo hivyo. Tulipompeleka hospitali nilimwonyesha daktari na picha za Neema ulizonitumia. Akasema kuna kirusi cha watoto, huwatoa vipele mikononi, miguuni na mdomoni. Wengine huwatoka hadi makalioni, malengelenge makubwa utadhani wameungua, na baadaye kucha hubanduka, kisha huota zenyewe. Lakini picha haitoshi, akasema, mtoto aonekane. Basi mpeleke Ifakara kesho.

Nilimuuliza Neema kwenye simu, "Nani alikuunguza?" Akasema, "Hakuna, mama. Anti alikuwa ananipepea." Miaka minne, na anajua. Nyie watu wazima mmeshindwa hata kumuuliza!

Ukitoka hospitali, nenda Lupiro. Ulimfukuza hadharani, kamwombe radhi hadharani, na hao majirani wenye midomo uende nao. Akikataa kurudi kwako, ana haki. Neema akae naye hukohuko. Sikukuachia wewe mwanangu, kaka. Nilimwachia yeye.

Msalimie mama, shangazi yetu wa Chita, na mdogo wetu fundi baiskeli. Wifi nimempigia mwenyewe. Hakukusema kwa lolote. Aliniuliza jambo moja tu: kucha za mtoto zimeanza kuota?

Mdogo wako,
Agnes