Kikombe cha Kupimia Unga

Chumba cha cherehani,
Nyumbani kwa Mama.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alinilea vizuri, si kwa sababu leo moyo unataka. Hujambo? Shemeji naye? Na Kibonge wenu, meno yameshaota? Sisi huku hatujambo mwilini. Kichwani na moyoni ni habari nyingine.

Mama ameacha kuoka. Naam, ile keki ya maembe mabivu, ambayo wateja wangu walikuwa wakiisubiri kuliko nguo zao. Tangu urudi huko ng'ambo ameioka mara tatu, na zote zimetoka ngumu. Ya mwisho tuliichovya kwenye chai, ikagoma kulainika. Alivua aproni, akaniambia, "Mwanangu, siku hizi nikihesabu vikombe vya unga napotea. Kichwa changu kimekwisha." Nilikwenda kulilia chooni asinione.

Unajua Mama hana mizani. Mayai manne, kipande cha siagi, na unga vikombe vitatu vya kile kikombe chake kidogo cha bati kilichong'oka mkono. Hicho kilipopotea, akaanza kupimia vile vikombe vya chai vyenye michoro ya maua ulivyotuletea, vikubwa kama ndoo. Unga unazidi, mayai ni yale yale. Amekitafuta cha bati hadi chini ya kitanda. Alipokuuliza kwenye simu, mimi nikiwa pembeni nasikia, ulimjibu kwa sauti tamu: "Umekiweka mahali ukasahau, Mama. Ndio umri huo."

Haya. Jana nilipeleka kiatu kwa fundi viatu, jirani yetu. Kikombe cha Mama hicho hapo mezani pake, kimejaa misumari! Nikamuuliza amekipata wapi.

"Si dada yako alikuwa anakitupa, siku ile anasafisha jiko? Nikamwomba. Akasema chukua tu, takataka hiyo."

Dada, una roho ngumu. Kukitupa ningekusamehe, maana ukija nyumbani mikono yako haitulii mpaka kitu fulani kiende jalalani. Lakini kumwacha mama yako aamini anapoteza akili, ili wewe usionekane mkosaji? Tena juzi ukanitumia ujumbe nimpeleke kwa daktari wa wazee wanaosahau. Aibu huna?

Kikombe nimekichukua, nimekisugua, nimekificha chini ya vitambaa vya wateja. Ningempa leo hii, lakini ataniuliza kilikuwa wapi, na mimi kipaji chako cha uongo sina. Nataka asikie kwako. Mpigie, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulikitupa wewe na kwamba kichwa chake ni kizima. Barua hii inaletwa na rafiki yako muuguzi, kwa hiyo usiseme imepotea posta. Ikifika Jumapili hujapiga, nitakiweka mezani mbele ya Mama, na fundi viatu nitamwalika aje aeleze mwenyewe.

Msalimie shemeji, mbusu Kibonge. Mjomba naye anakusalimu, ila keki anaidai kwako. Mungu akulinde huko uliko, na aulainishe ulimi wako.

Mama hajui ninaandika nini. Kila asubuhi anahesabu kwa vidole saa za huko kwenu, ajue kama umeamka. Hajawahi kukosea.

Mdogo wako,
ninayekupenda hata leo ambapo sitaki.