Deraya Niliyomvalisha Shee

Jumatano, baada ya swala ya Alasiri. Joto la kunata, upepo hakuna, hata punda wa Matondoni wamesimama kivulini kama waliolipwa wasisogee. Nimeketi nyuma ya banda la fundi Kombo, mikono yanuka resini, na sina hamu ya kuchekesha mtu.

Leo Shee amekataliwa jeshini.

Mnaosoma hapa siku zote mnamjua Shee. Ni yule mtoto wa mama mdogo niliyempachika jina la Kurutu. Kwa wageni: tumelelewa ua mmoja, ananizidi miaka mitano. Kila alfajiri hukimbia kutoka Matondoni hadi mjini Lamu na kurudi. Hasemi sana. Ana cheti cha kidato cha nne ambacho mama yake amekitia nailoni kisishikwe na unyevu. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, maana mwakani umri utakuwa umempita.

Na aliyemharibia ni mimi.

Lakini kwanza niisifu deraya, lile vazi langu la vita, kwa sababu hakuna mwingine kisiwa hiki angeweza kuitengeneza. Nikisema hivyo sijigambi, nimewahesabu watu. Niliona kwenye simu vijana wa ng'ambo wakijitengenezea mavazi ya vita ya kale, kofia, kifua, vikinga vya miguu, vyote kwa karatasi iliyopakwa resini mpaka ikawa ngumu kama bati. Nikasema, hawa wana mashine za kukata karatasi, na bado kazi yao ina mawimbi. Ngoja waone ya mtu aliyeacha shule kidato cha pili. Au shule ndiyo iliyoniacha, mama ana maelezo yake.

Resini naijua. Ndiyo ile gundi nzito tunayozibia mashua za fiba hapa bandani. Ikiwa peke yake ni kama asali, yaweza kukaa wiki. Ukiitia dawa ya kugandisha inaanza kupata moto, halafu inakuwa jiwe. Kipimo ni kifuniko kimoja cha dawa kwa kopo moja la resini, na jua likiwa kali unapunguza. Fundi Kombo alinifundisha hayo siku ya kwanza, kabla hata hajanionyesha brashi inashikwaje.

Karatasi nilitumia mifuko ya simiti. Usiwacheke watu wa mifuko ya simiti. Ile kaki ni ngumu, ina tabaka, na kila panapojengwa nyumba imetupwa bure. Nikaikata vipande, nikaibandika kwa uji wa ngano. Kofia niliifinyanga juu ya mpira wa miguu. Vikinga vya miguu juu ya bomba la maji. Vikatoka safi, watoto wakawa wananifuata njiani kunishika magoti.

Kikabaki kifua. Kifua kinataka kiwiliwili cha kukibandikia, na changu mimi kimebonyea, mtu anaweza kukinywea supu.

Cha Shee ndicho kifua.

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwendea akiwa na vijana wenzetu pale mbele ya duka, nikamwambia kwa sauti ya kusikika: "Kurutu, wataka kwenda kukabili bunduki, na mfuko wa simiti wakutia hofu?"

Walicheka sana. Shee akanitazama, akanifuata mpaka bandani, akavua shati.

Sasa niseme lililokuwa moyoni, maana kama si hapa sijui nitalisema wapi. Mwaka jana mimi pia nilikwenda kuandikishwa. Sikuandika habari hiyo kwenye blogu, mtaona kwa nini. Afisa mmoja wa bara alichukua cheti changu cha shule ya msingi, akakigeuza nyuma, akaniuliza kingine kiko wapi. Nikamwambia ni hicho hicho. Safu nzima ikacheka. Shee hakucheka. Alikuwa amenishikia viatu vyangu, akanirudishia, akanifungulia na kamba ili nivivae haraka niondoke.

Laiti angecheka.

Tangu siku hiyo nyumbani ni mtazame Shee, mtazame Shee. Kwa hivyo alipovua shati akasimama juani na kile kifua chake, nilimchukia. Nikachukua kopo la resini, nikachukua dawa, nikatia vifuniko vitatu.

Vitatu. Saa tano ya asubuhi, jua utosini.

Sikutaka aungue. Nilitaka apate joto, aruke, apige kelele kidogo, na Bakari, mmoja wa wale vijana wa dukani, alikuwa pembeni na simu tayari kurekodi. Wiki sita sasa najiambia hivyo. Ila sikujiuliza hiyo kidogo ingeishia wapi. Sikutaka kujiuliza.

Kabla ya kuchanganya nilikuwa nimemzungusha nailoni isimgande. Juu yake karatasi, tabaka nne. Kisha resini. Na hapa nilifanya kosa ambalo mtu asiyejua fiba asingelifanya. Sisi tukifunika umbo la mashua hatuachi mshono, kwa sababu penye mshono ndipo maji yanapoingia. Tunafunika lote, likikauka tunalivuta na kulichomoa. Nami nikamfunika Shee vivyo hivyo, mbele, nyuma, mabegani, nikaunga chini ya makwapa, nikalainisha kwa brashi nikiona kazi nzuri ilivyo nzuri.

Mashua haina mabega. Ganda likishashika, litachomokea wapi?

Akasema yachoma. Nikamwambia vumilia, ndivyo inavyokauka. Akasema tena yachoma, wallahi. Bakari akacheka, nami nikacheka, na video hiyo wengi wenu mliiona, mlinitumia vikaragosi vya kulia kwa kicheko. Mnaona pale anapoanza kuzunguka kama anatafuta mlango? Alikuwa anatafuta mlango. Begani moshi ulishaanza. Alitaka kukimbilia baharini lakini maji yalikuwa yametoka, mbele yake tope tupu na mikoko, akaanguka magoti hapo hapo.

Hakupiga kelele. Nililokuwa nikilingoja hakunipa.

Fundi Kombo alikuja mbio na mkasi wa bati, akakata kuanzia kiunoni kwenda juu, huku akimmwagia ndoo za maji ya kisima. Alisema neno moja tu, kwangu, bila kuinua uso.

"Mashua haipumui. Mtu yuwapumua."

Baadaye aliniuliza nilitia vifuniko vingapi. Nikamwambia kimoja. Akatazama jua, akasema basi ni hili jua. Watu wote wakasema ni jua. Mama mdogo mwenyewe, akimpaka Shee dawa ya hospitali kutoka bega la kushoto kupita kwapani mpaka mbavuni, aliniambia nisijilaumu.

Sikujilaumu. Nilikuwa na shughuli.

Kifua kile kilikatwa vipande viwili, na kwa kweli kilipendeza zaidi hivyo, kikawa na mbele na nyuma. Nikakitia mikanda ya ngozi. Lakini ndani, upande wa bega, nailoni iliyeyuka, na ngozi ya Shee ilikuwa imegandia kwenye resini. Kipande kama kiganja.

Nilikipiga msasa.

Nilipiga msasa mpaka pakawa laini, nikapaka rangi ya fedha. Siku kumi baadaye kulikuwa na harusi jirani, na kwenye kirumbizi, ule mchezo wetu wa fimbo, niliingia uwanjani na deraya nzima. Kifua kilinipwaya, nikakijaza mito miwili. Watu walisimama juu ya baraza kuniona. Wazee wanaocheza kirumbizi tangu hatujazaliwa walinipiga fimbo za mgongo, zikadunda, nami nikawa nawauliza kama wamechoka. Tarumbeta ilikuwa inasikika kijiji kizima. Shee alikuwa nyumba ya tatu kutoka pale, amelala kifudifudi.

Nililala usingizi mzuri siku ile. Naandika yote.

Sasa leo. Kuandikishwa kulikuwa Mokowe, ng'ambo ya bara. Mama mdogo aliniomba nimsindikize Shee, maana bado hawezi kubeba begi upande ule. Wakamkimbiza, akawa wa tatu kati ya vijana zaidi ya mia. Niliona kwa macho yangu nikiwa nje ya seng'enge. Meno wakayaona, nyayo wakaziona. Kisha wakaambiwa wavue mashati na wainue mikono yote miwili juu.

Mkono wa kulia ukaenda. Wa kushoto ukafika usawa wa sikio, ukakwama. Ngozi ya kwapani imepona kwa kukunjamana, imemvuta kama mshono mbaya wa cherehani. Afisa akamwambia inua. Akasema ndio huu, afande. Afisa, tena hakuwa mtu mbaya, akaushika mkono mwenyewe akajaribu kuusukuma juu taratibu. Nilimwona Shee anavyouma meno. Akaulizwa ni moto wa nini, akajibu kazini. Afisa akamwandika alama ya kalamu mkononi, akamwonyesha lango.

Nikampa viatu vyake. Nilikuwa nimevishika mimi.

Tukaenda ngazi za gati kungoja boti. Nikaanza maneno yangu, unajua mimi nikiogopa siachi kusema. Nikamwambia jeshi ni la watu wasio na akili, nitamwingiza kwenye fiba, atakuwa fundi kama mimi. Akaniacha mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, bila ghadhabu, kama anayeniuliza saa:

"Siku ile ulitia vifuniko vitatu."

Nikageuka kutazama kama boti yaja.

"Nalikuona kwa mato yangu. Moya, pili, tatu. Nikasema, huyu ndiye fundi, yeye ndiye ajuwaye."

Yaani alihesabu. Alisimama pale akiniona natia dawa, na akaniamini kwa sababu kila siku ya Mungu nampigia kelele kwamba mimi ni fundi.

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Mimi nilimwambia alihesabu vibaya.

Nilimwambia hivyo hivyo, kwa uso mkavu. Nikaongeza kwamba joto humfanya mtu aone mambo. Akanitazama kitambo, si sana, kama mtu anayesoma kibao cha duka ambalo limefungwa. Akasema, "Haya." Boti ikaja.

Nyumbani mama mdogo alikuwa amepika biriani. Alikwisha kuwaambia majirani kwamba Shee atachukuliwa. Alipotuona tunaingia alijua kabla hatujasema, akarudi jikoni, akakaa huko muda, akatoka na uso umeoshwa. Shee akaenda chumbani. Mimi akaniwekea sinia peke yangu. Akasema, "Mola akuweke, mwanangu. Usingekuwa wewe angerudi na nani ndia yote ile?"

Nikala. Nilikula sahani mbili, na ya pili nilimwomba mwenyewe, kwa sababu kama mdomo ungekuwa wazi hauna kitu ningelazimika kusema.

Ndivyo nilivyo. Nilidhani mimi ni mtu wa mzaha. Mtu wa mzaha angeacha pale moshi ulipotoka.

Nimefikiria nimwendee Shee, lakini Shee tayari anajua. Nimefikiria nimwambie fundi Kombo, na nitamwambia, atanifukuza na atakuwa na haki. Lakini mwenye kuambiwa ni mama mdogo, na nikimkabili najijua: nitaanza na mzaha, nitalia kidogo, ataniwekea chakula, yatakwisha. Kwa hivyo nimeandika hapa. Yeye hasomi simu. Binti wa jirani yake husoma kila ninachoandika na humsomea vile vya kuchekesha. Hiki atakisoma kwanza peke yake, kisha atasita, kisha atakwenda.

Video nimeifuta. Najua wengine mmeihifadhi. Kaeni nayo, mkiitazama tena muanzie pale anapotafuta mlango.

Nikishabonyeza, kabla ya Magharibi mama mdogo atakuwa amesikia. Najiuliza ataanza kulia au ataanza kunitafuta, na sijui kipi nakiogopa zaidi.

Tangu nijue kutembea naingia nyumba ile bila kubisha, naenda moja kwa moja jikoni kufunua masufuria.

Kesho asubuhi nitapiga hodi.