Mgeni Aliyekataa Kula

Kaka Rama,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, basi barua utaisoma. Huku Usagara tu wazima, ila Mama na kikohozi chake, na paka wako amezaa watatu ndani ya kofia yako ya kazini.

Ile boila ya kiwanda iliyopasuka imepata mchunguzi kutoka Moshi, mtu asiyejuana na tajiri wala na sisi. Siku tano alikagua vipande na kumhoji kila mtu, hata Tahiri aliyeungua mkono. Chakula cha mtu hagusi. Tajiri alimpelekea biriani, ikarudi. Mama akampelekea mkate wa kumimina, nao ukarudi. Mama akanuna: "Huyu hakufunzwa adabu!"

Jana akasoma ripoti mbele yetu sote. Vali ya usalama ilikuwa imeziba, na wewe uliandika mara tatu kwenye daftari la zamu kwamba ibadilishwe. Hakuna aliyejali. Tajiri amekiri mwenyewe, na kazi yako inakungoja.

Mama alipiga vigelegele mpaka kikohozi kikamsahau. Jioni tukasikia hodi. Ni mchunguzi. "Mama, sasa nimemaliza kazi. Ule mkate bado upo?" Alikula sahani tatu!

Kaka, ulipokwenda Mombasa sikukusindikiza, kwa sababu nilidhani kosa ni lako. Mama hakudhani hata siku moja. Nisamehe.

Mpaka wa Horohoro si mbali. Paka nimewahamisha, kofia nimeifua.

Mdogo wako,
Semeni