Kidole cha Samira

Alhamisi, tarehe 18
Siku ya kwanza ya matone ya polio. Ghorofa sita Kariakoo, lifti ya mizigo tu. Kisanduku cha barafu kinanikata bega. Kila mlango: "Mama hayupo." Na mama namsikia jikoni anakaanga! Ghorofa ya nne Bi Rukia akatufungulia, Mungu ampe heri. Mjukuu wake Samira, miaka mitatu. Mtoto akishapata matone tunampaka wino kidole kidogo cha kushoto. Cha Samira cheusi tii. Basi, wenzetu wamempatia sokoni. Nikaandika amechanjwa, nikapiga chaki mlangoni kuonyesha tumemaliza. Twende.

Ijumaa, tarehe 19
Ghorofa ya tano. Mabinti watatu wakubwa, wote vidole vyeusi. Nikashangaa, wakanicheka. Kulikuwa na harusi ya shangazi yao, hata Samira wa chini alipakwa. Piko, ile rangi nyeusi ya urembo, si wino! Mtoto hajapata hata tone moja. Nikamwambia msimamizi. Eti nyumba ina chaki, fomu imeshaondoka, tuhamie mtaa wa Gerezani. Huyu mtu ananichosha. Ila aliyekosea ni mimi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumamosi, tarehe 20
Nimetoroka Gerezani saa nane na kisanduku changu. Baba yake Samira, Nassor, anauza vitenge chini ya jengo lile lile. Kesho alfajiri anampeleka Samira Tanga, mama wa mtoto aliko, akakae huko. Kwa hiyo ni leo au basi. Nikaona haya kusema nimekosea. Nikasema ni dozi ya nyongeza. Akakunja uso.

"Juzi umeandika kapata. Leo tena? Mwanangu si wa kujaribia dawa."

Wateja wote macho kwangu. Nimelikoroga mwenyewe. Mjinga mimi, mjinga kabisa.

Jumapili, tarehe 21
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa pale, nimejiandaa kusema ukweli. Duka limefungwa. Wameshaondoka.

Bi Rukia yuko peke yake. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote: piko, aibu yangu, uongo wangu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia mimi, mwanangu. Ningempeleka mwenyewe akapate matone, baba yake angekuta tayari."

Akampigia Nassor. Simu inaita tu. Akanimiminia kahawa, nikakaa nikanywa.