Folda ya Njeri

Ruiru, Jumanne

"Huyu alikuwa ananitaipia tu." Kamau, tunayesoma naye kompyuta, amesema hivyo mbele ya darasa lote, na mimi nimekaa pale.

Ile programu ya lugha ya C ya kufungua folda na kuonyesha mafaili yaliyo ndani niliiandika mimi, peke yangu. Nilimpa aone tu vile inafanya kazi. Leo darasani huko Thika akaileta kama yake, na hata hakutoa jina la folda ya laptop yangu nililokuwa nimeliandika ndani ya programu yenyewe. Kwa mashine ya mwalimu folda hiyo haiko, kwa hivyo ikakataa: "Imeshindwa kufungua /home/njeri/kazi."

Darasa likacheka. Mwalimu akauliza, "Njeri ni nani?" Nikainua mkono. Ndipo Kamau akasema hayo maneno yake. Na mwalimu akamwamini, akaniambia niirekebishe nilete kwa niaba ya wote wawili.

Nimeirekebisha. Sasa kila mtu anaandika folda yake mwenyewe, na inafunguka kwa mashine yoyote. Jina langu limetoka.

Hilo jina ndilo lilikuwa ushahidi wangu pekee.