Kilo Mbili za Udongo wa Ukoo

Jumatatu, 10 Machi 2025

Fomu ya masomo ya hiari imetoka. Semesta ya mwisho ya diploma, masomo mawili kati ya manne, mwisho Ijumaa. Darasa zima linakimbilia Ujasiriamali na Ugani. Maksi za bwerere, anasema Grace, mwenzangu wa chumbani. Yeye anataka ualimu kule kampasi ya Mazimbu. GPA ikipanda tu, kamaliza.

Mimi nataka shahada ya sayansi ya udongo. Nimesoma mwongozo wa udahili mara tatu. Bila Kemia ya Udongo na Takwimu, uwe na GPA ya kuning'iniza ukutani, hawakuchukui. Na nikizichukua? Kidato cha nne Kemia nilipata D. Sasa nina 3.1. Ikishuka chini ya 3.0, chuo kikuu nitakisikia redioni.

Saumu yenyewe imenikaa kichwani leo. Nilale.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejaza. Kemia na Takwimu — kwa kalamu ya wino, nisije nikajibadilisha. Grace kasoma, kaniuliza kama jana nilifuturu vizuri.

Baba kasaini. Alishuka mjini na karoti, hakuuliza hata swali. Lakini kwetu Mgeta sahihi ya baba ni heshima tu. Ardhi, watoto, neno la mwisho — vyote vya upande wa mama, na upande wa mama ni Mjomba Kondo. Naye keshawatangazia watu kuwa mwaka huu narudi kuwa bibi shamba wa kata. Nitamwambia siku ya Idi.

Jumatano, 2 Aprili

Sikumwambia. Idi nzima nimekula pilau yake, nikacheka na utani wake, fomu sikuitaja. Mwanvita mwoga mkubwa wewe.

Ila nimepata udongo. Mwalimu Alois, wa Kemia, anataka kila mtu alete kilo mbili kutoka shamba lenye matatizo. Maksi thelathini za vitendo zinatoka humo. Shamba lenye matatizo ninalo. Kabichi za Mjomba zinanyauka saa sita mchana, ukizing'oa mizizi imevimba kama tangawizi, na yeye kila msimu anazidi kuzimwagia mbolea ya SA, ile salfeti ya amonia. Nilimwomba Mama, akasema chukua. Mjomba alikuwa msikitini. Nikachimba sehemu tano, nikachanganya kwenye ndoo, nikafunga mfuko.

Mama Mdogo Pili alipita na kuni. Akaniuliza nachimba nini. Nikamwambia mambo ya shule. Akatazama kule pembeni mwa shamba yalipo makaburi ya mabibi zetu, akaenda zake.

Jumapili, 6 Aprili

Mama kapiga simu. Mgeta nzima inajua: Mwanvita kachota udongo wa makaburini, kaupeleka kwa mganga ili afaulu mtihani.

Nilicheka mpaka Grace akaamka. Kisha Mama akasema Mjomba hapati usingizi, halafu anasema udongo wa ukoo hautoki bila yeye kuulizwa, na atakuja kuuchukua wote, hata chembe. Kicheko kikaisha. Bila ule udongo sina maksi thelathini. Bila thelathini hakuna 3.0.

Tena ana haki. Nilimuuliza Mama kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Mtoto wa Kiluguru mzima, nikasahau wa kuulizwa ni nani. Si kusahau. Nilimkimbia.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika haraka; daftari, nisamehe mwandiko.

Mjomba kashuka na lori la kabichi. Kanzu ya Idi, kofia, bakora. Nikampokea getini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Udongo wangu uko wapi?"

Habari za masomo hakuuliza. Nikampeleka maabara. Udongo ulikuwa juu ya gazeti, umekauka, umechekechwa. Mwalimu Alois akampa kiti, akasema kosa ni lake pia, angetuambia tuombe kwa wenyewe. Mjomba akasema basi apewe udongo wake. Mwalimu akasema utachukua, mzee, ila mpwa wako apime vijiko viwili mbele yako.

Mjomba akachota udongo kidogo, akausugua kwa vidole. Halafu akanigeukia mimi, taratibu kabisa: "Udongo huu umewalisha bibi zako. Ungeniomba, ningekupa gunia."

Nililia. Heri angenigombeza. Nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya maabara, nikaomba radhi, kisha nikaomba vijiko viwili.

"Pima," akasema.

Nikatia maji, nikatikisa, tukasubiri nusu saa. Nikatumbukiza kipimo cha pH, cha uchachu. 4.6. Nikamweleza: saba ndiyo katikati, chini yake hivi udongo umechachuka. Ile SA inazidi kuuchachusha, na ugonjwa wa mizizi unapenda udongo mchachu. Unataka chokaa ya kilimo, si mbolea zaidi. Akasema rudia. 4.6. Akasema rudia kwa maji mengine, haya ya mjini hayaaminiki. 4.6.

Akauliza somo gani linafundisha haya. Basi yakanitoka yote: fomu, Kemia, chuo kikuu, ubibi shamba nisioutaka. Alikuwa anafunga mfuko wake huku anasikiliza.

"Baba yako kasaini?"

"Ndiyo."

"Twende nikaione hiyo fomu."

Ofisini karani akamwambia, mzee, sahihi ya mzazi ipo, inatosha. Mjomba akasema kwenu inatosha. Akaandika chini ya jina la Baba, herufi kubwa: KONDO, MJOMBA. Kaondoka na mfuko wake. Vijiko viwili kaniachia, na Mwalimu kasema vinanitosha kwa zile maksi thelathini.

Alhamisi, 24 Julai

KEMIA YA UDONGO: A.

Naandika tena ili nione. A. Mwenye D yake! Takwimu B. GPA 3.4. Grace kanibeba mgongoni korido nzima, mwanamke mwembamba vile. Nilimpigia Mjomba kwanza, kabla ya Mama, kabla ya Baba. Nimejifunza. Akasema kabichi alizotilia chokaa zimefunga vichwa. Nami nimepata A, nikamwambia. Akasema ndiyo hiyo hiyo habari.

Jumamosi, 2 Agosti

Niko steshenari mjini, Yesha mwenye duka yuko kwenye kompyuta. Maombi ya chuo kikuu. Mjomba kashuka na lori ili aone kwa macho yake. Kaja na mifuko saba ya udongo wa majirani, kila mmoja una jina la mwenye shamba kwa kalamu nene. Wa kwanza: PILI. Mama Mdogo mwenyewe! Ametuma salamu kwamba yule mganga wangu ni mzuri.

Chaguo la kwanza, sayansi ya udongo. Yesha akauliza la pili. Mjomba akasema la pili la nini. Nikaweka la pili hivyo hivyo, moyo wangu si wa chuma.

Yesha kabonyeza kutuma. Mtandao unazunguka. Dakika kumi sasa, nimetoa daftari ili nisiutazame. Nimemweleza Mjomba kuwa hata likienda, hilo ni ombi tu, majibu ni baadaye. Kaitikia. Sasa yuko mlangoni na simu sikioni, namsikia anamwambia mtu wa Mgeta aje na udongo wake mapema, ila aombe kwa wenyewe kwanza, maana mpwa wake akishaingia chuo kikuu atakuwa na foleni.

Bado unazung— Yesha ananiita.