Darubini Iache Dirishani

Profesa wangu,

Chai ya bibi yako iko kwenye chupa. Matone ya macho mpe, usisahau kama jana.

~~Darubini irudishe dukani.~~ Darubini iache dirishani.

Ndiyo, uliniambia. Kwa kapesa ketu nitafute yenye mdomo mpana na lenzi dhaifu ya kuchungulia, nisibabaishwe na maandishi ya boksi. Mimi nikasoma "inakuza mara mia tano", nikaingia mkenge mzima mzima. Asubuhi hii mwezi ulikuwa bado juu. Nikaweka lenzi kali, nikaona ukungu unaotetemeka. Cheka tu, ni haki yako.

Nikaichomoa nijaribu ile nyingine. Kugeuka, bibi yako ameshainama, jicho kwenye tundu tupu.

"Nauona, mwanangu," akasema. "Mpaka mabonde yake. Umefanya vizuri kuinunua kabla macho hayajafunga."

Lenzi zote mbili zilikuwa mkononi mwangu. Sikujua ananionea huruma au macho yake ndiyo basi tena.

Akitaka kuangalia tena jioni, msogezee kiti. Lenzi ziko kwenye droo, usijisumbue kuziweka.

Baba